Kuchinja nguruwe nyumbani wakati wa baridi: kwa nini Desemba, na mgeni afanye nini?

Mwanafunzi wa Cluj aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, salamu kwenu nyote. Ninasoma shahada ya uzamili nchini Romania, katika mji wa Cluj-Napoca, na huu ni mwaka wangu wa kwanza kuionja baridi ya kweli. Mama mwenye nyumba ninayopanga amenialika kijijini kwa wazazi wake tarehe 20 Desemba, siku ambayo wao huiita Ignat, kwa sababu siku hiyo familia itachinja nguruwe wawili uani kwao. Nimeukubali mwaliko, lakini tangu nilipoukubali nimekuwa na maswali ambayo ninaona haya kumuuliza yeye mwenyewe.

La kwanza ni la hesabu tu. Nyumba ile ina watu wanne. Kwetu mbuzi akichinjwa nyama haifiki siku ya tatu, kwa sababu inayozidi hugawiwa majirani kabla haijaharibika. Hawa wanakusudia kuchinja wanyama wawili wenye zaidi ya kilo 150 kila mmoja, na ninaambiwa kwamba jokofu lao ni dogo la kawaida. Nyama yote hiyo inakwenda wapi? La pili, kwa nini kijiji kizima kichinje ndani ya wiki moja, badala ya nyumba moja kuchinja leo na nyingine mwezi ujao ili wawe wanapelekeana? La tatu ndilo linaloninyima usingizi: mgeni hutarajiwa afanye nini siku hiyo? Nikae jikoni, nisimame uani, au nibaki chumbani mpaka chakula kiive? Sitaki kuwa mzigo, na wala sitaki kuonekana mtu mwenye kinyaa.

Bibi Theluji alijibu:

Mwanangu, mwaliko huo ni heshima kubwa. Nimeolewa katika nchi hiyo na nimekwisha kushiriki Ignat zaidi ya ishirini, kwa hiyo nitakueleza mambo kama nilivyoyazoea kwa wakwe zangu, nikijua kwamba kila bonde lina namna yake.

Jibu la swali lako la pili ndilo linalofungua la kwanza. Wanachinja Desemba kwa sababu Desemba yenyewe ndiyo jokofu. Nguruwe aliyetoka kuchinjwa ana joto la nyuzi 38 au 39, na tabaka la mafuta lililomfunika hulizuia joto hilo lisitoke. Mapaja yake ni manene kiasi kwamba nyama iliyo karibu na mfupa inaweza kuanza kuharibika ilhali kwa nje unaiona safi kabisa. Ukimchinja Julai unashindana na saa, tena unashindana na nzi. Ukimchinja wakati hewa iko kati ya nyuzi 0 na 5, nyama inapoa usiku mmoja, nzi hawapo, na unapata siku kadhaa za kukata, kutia chumvi, kusaga na kufukiza moshi bila kukimbizwa na mtu. Watu wengi hudhani kwamba baridi ikizidi ndipo mambo yanapokuwa mazuri zaidi, na hapo hukosea. Ikishuka hadi nyuzi 15 chini ya sifuri, nyama huganda kwa nje kabla haijapoa ndani, na chumvi haipenyi katika nyama iliyoganda. Baba mkwe wangu, Mungu amrehemu, alikuwa akitoka nje alfajiri, anavuta hewa kwa pua, kisha anatamka kama siku hiyo ni ya kuchinja au ya kungoja, na sikumbuki tukimbishia hata mara moja.

Ipo pia sababu ya ghala. Nguruwe hununuliwa akiwa mdogo miezi ya Machi au Aprili, akalishwa makombo ya jikoni, viazi vidogo visivyouzika, maboga, na mwishoni mahindi mapya. Kufikia Desemba amekwisha kunenepa. Ukiendelea kumlisha Januari, sehemu kubwa ya mahindi yako inaishia kuupasha mwili wake joto badala ya kumwongezea mafuta. Wazee wana imani yao kwamba usiku wa kuamkia Ignat nguruwe huota kisu, na kwamba asiyechinjwa siku hiyo hanenepi tena kwa sababu amekwisha kukiona. Nguruwe huota nini sijui, ila kuhusu kutonenepa hesabu ya mahindi inawaunga mkono wazee.

Sasa siku yenyewe. Wanaume huanza kabla jua halijatoka, na mara nyingi huanza kwa kikombe kidogo cha pombe kali ya plamu. Mnyama akishakufa na damu ikishatoka, hufunikwa mabua makavu ya ngano na kuwashiwa moto ili manyoya yaungue. Siku hizi wengi hutumia mtungi wa gesi, ambao ni mwepesi na wa haraka, lakini mwenye ulimi anayejua hukwambia kwamba ngozi iliyopitiwa na moto wa mabua ina harufu ambayo gesi haiwezi kuileta. Baadaye ngozi husuguliwa kwa maji moto na kisu mpaka igeuke rangi ya dhahabu, hufunikwa kwa blanketi kuukuu kwa muda ili ilainike, na hapo ndipo watoto hupandishwa mgongoni mwa mnyama, inasemekana ili wawe na afya mwaka mzima. Baba wa nyumba huchora msalaba kwa kisu na kuutia chumvi. Vipande vya masikio na ngozi hukatwa palepale, vikapakwa chumvi, na watoto huvitafuna vingali na uvuguvugu.

Katika vijiji vingi hawampasui kwa tumboni kama tunavyompasua mbuzi. Humlaza kifudifudi na kumpasua mgongoni, ili waitoe slănină, yaani ile bamba nene la mafuta yenye ngozi yake, likiwa zima. Usishangae. Bamba hilo kwao ni akiba ya mwaka.

Tuje basi kwenye swali lako la nyama inakokwenda. Slănină hupangwa katika sanduku la mbao na kufukiwa kwa chumvi kwa wiki kadhaa, ikigeuzwa mara kwa mara, kisha hufukizwa moshi baridi. Kwa kuwa mafuta yana maji kidogo sana, hayanyonyi chumvi kupita kiasi, na ndiyo sababu hakuna anayepima chumvi ya slănină kwa mizani. Nyama ya kusaga huwa soseji zinazoitwa cârnați, zenye kitunguu saumu kilichopondwa katika maji, chumvi ya gramu 18 hadi 20 kwa kilo moja, pilipili manga, na pilipili nyekundu ya unga kwa wanaoipenda. Maini, mapafu na moyo huchemshwa, kusagwa na kuchanganywa na wali kuwa caltaboși. Nyama ya kichwa na ngozi huchemshwa mpaka mchuzi wake ugande, ukajazwa ndani ya tumbo la mnyama na kukandamizwa kwa jiwe, na hiyo huitwa tobă. Mafuta mengine hukatwa vipande na kuyeyushwa taratibu katika sufuria kubwa; yanayochujwa huhifadhiwa kwa kupikia, na vile vipande vikavu vinavyobaki, jumări, hutafunwa kwa chumvi na kitunguu. Tena kuna namna moja ambayo mimi huiona ni werevu kuliko zote: vipande vya nyama na soseji hukaangwa mpaka viive kabisa, hupangwa katika chombo kirefu, kisha humiminiwa mafuta moto mpaka vizame. Mafuta yakiganda yanaizuia hewa, na nyama hiyo ikiwekwa stoo ya chini penye ubaridi hufika mbali sana baada ya baridi kwisha.

Kwa hiyo, mwanangu, hao watu wanne hawali nguruwe wawili Desemba. Wanakula sehemu ndogo Krismasi, soseji zinawafikisha kwenye mfungo wa kabla ya Pasaka, na slănină unaikuta Julai katika mfuko wa mtu anayekata nyasi shambani, akiila kwa mkate na kitunguu kibichi. Majirani hawasahauliwi vilevile: kila aliyekuja kusaidia huondoka na sahani.

Kuhusu wewe mwenyewe, usikae chumbani. Siku hiyo hakuna mtazamaji, kila mkono una kazi, na mgeni asiyepewa kazi ndiye anayejisikia vibaya kuliko wote. Kwa kuwa wewe ni mwanamke wa rika la binti zao, ninakadiria kwamba utapelekwa kwenye utumbo. Hiyo ndiyo kazi ya baridi kuliko zote na ndiyo yenye masengenyo matamu kuliko zote. Utumbo hupinduliwa kwa kijiti, huoshwa kwa maji ya uvuguvugu na kusuguliwa kwa chumvi, siki, unga wa mahindi na vitunguu vilivyokatwa mpaka harufu iishe, kisha hukwanguliwa juu ya ubao kwa mgongo wa kisu mpaka ubaki utando mwembamba unaopitisha mwanga. Maji yasiwe ya moto, kwa maana utumbo utasinyaa na kupasuka wakati wa kujaza. Vaa soksi mbili, na kata kucha mapema.

Mkifika kwenye kuchanganya nyama ya soseji utaona kipande kidogo kikikaangwa na kupitishwa kwa watu waonje. Sema kweli kuhusu chumvi. Soseji ikishajazwa haina marekebisho.

Daktari wa Mifugo aliandika:

Ninamshukuru Bibi kwa maelezo yake. Ninaongeza mambo ya afya, ambayo katika simulizi za sherehe huachwa nyuma.

La kwanza ni minyoo inayoitwa trikinela. Viluwiluwi vyake hukaa ndani ya misuli ya nguruwe, havionekani kwa macho, na haviifanyi nyama ibadilike rangi wala harufu. Aliyeigundua alikuwa James Paget, akiwa bado mwanafunzi wa udaktari jijini London mwaka 1835, alipochunguza misuli ya maiti yenye chembechembe kama mchanga. Mtu akila nyama yenye viluwiluwi hivyo bila kuiva, mwanzoni huharisha, na baada ya wiki moja au mbili hupata homa, maumivu makali ya misuli na uvimbe kuzunguka macho. Kwa hiyo mnyama akishapasuliwa, mwenye nyumba hukata kipande cha misuli ya kiwambo, yaani ule ukuta unaotenganisha kifua na tumbo, na kukipeleka kwa daktari wa mifugo wa eneo lake. Huko hubanwa kati ya vioo viwili na kuangaliwa kwa hadubini, au huyeyushwa kwa pepsini, yaani kimeng'enya cha tumboni kinachosaga nyama, na asidi kisha mashapo yake hukaguliwa. Kiwambo huchaguliwa kwa sababu viluwiluwi hupenda zaidi misuli isiyopumzika.

Hapo ndipo penye mgongano na desturi, kwa sababu karamu ya siku hiyo huliwa mchana uleule na njaa haingoji karatasi. Ushauri wangu ni kwamba usionje nyama mbichi ya soseji, hata kama mpishi mwenyewe anaionja kwa kidole mbele yako. Nyama iliyofika nyuzi 71 ndani kabisa ni salama. Kugandisha kwa nyuzi 15 chini ya sifuri kwa siku 20, kwa vipande visivyozidi unene wa sentimita 15, huua trikinela wa nguruwe wa kufugwa, lakini usiitumie kanuni hiyo kwa nyama ya dubu au ya nguruwe mwitu, maana baadhi ya aina za porini hustahimili barafu. Chumvi na moshi havitoshi, na wengi hudanganyika hapo, kwa kuwa soseji iliyokauka na kunukia moshi huonekana kama kitu kilichopikwa.

La pili ni sumu ya botulini. Jina lake limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya soseji, na daktari Justinus Kerner wa Württemberg, Ujerumani, aliandika juu ya vifo vilivyotokana na soseji katika miaka ya 1820, kabla ya bakteria mwenyewe kujulikana. Bakteria huyo hustawi pasipo hewa, kwa hiyo ile nyama iliyozamishwa katika mafuta, ambayo Bibi ameisifu kwa haki, ni salama kwa masharti: iwe imekaangwa mpaka maji yamekwisha, iwe na chumvi, na ikae mahali pa baridi kweli. Chombo kikikaa karibu na jiko, sitakigusa.

La tatu linahusu kifo chenyewe. Wengi huamini kwamba uani mwa mtu hakuna sheria. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 1099 ya mwaka 2009, iliyoanza kutumika mwaka 2013, inataka nguruwe apoteze fahamu kabla ya kuchinjwa hata pale nyama inapokuwa ya kuliwa na familia peke yake. Kuna bastola maalumu ya kazi hiyo, na fundi anayezunguka kijijini huwa nayo. Mbali na sheria, mnyama aliyekimbizwa na kuhangaika hutoa nyama mbaya, kwa sababu sukari iliyohifadhiwa katika misuli yake huisha au hugeuka tindikali vibaya, na nyama hiyo ama hutiririsha maji ama haidumu.

Mwisho ni homa ya nguruwe ya Afrika, ambayo sisi tunaijua kuliko wao, kwa kuwa ilielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza nchini Kenya mwaka 1921, na kwetu virusi vyake huishi ndani ya ngiri bila kuwadhuru. Viliingia Georgia mwaka 2007, vikafika Romania mwaka 2017, na mwaka uliofuata vilienea vibaya sana katika vijiji vya kusini-mashariki. Havimdhuru binadamu, lakini huua nguruwe wa kijiji kizima, na hudumu kwa miezi katika nyama iliyogandishwa au iliyotiwa chumvi. Usibebe soseji katika sanduku lako unaporudi nyumbani, hata ukisihiwa kwa machozi.

Mpenda Tarehe alisema:

Ninaheshimu maelezo ya baridi, lakini ninaona yamepewa uzito kupita kiasi. Baridi ya Romania huanza Novemba na kuendelea hadi Februari. Ingekuwa ni suala la jokofu tu, watu wangejichagulia siku yoyote ndani ya miezi hiyo minne. Kinachowakusanya wote tarehe 20 Desemba ni kanisa. Waorthodoksi, yaani Wakristo wa dhehebu kuu la huko, hufunga kuanzia tarehe 15 Novemba hadi 24 Desemba, siku 40 pasipo nyama wala maziwa, na Krismasi ndiyo siku ya kufungua. Tarehe 20 ni sikukuu ya Mtakatifu Ignatio wa Antiokia, na kutoka hapo hadi Krismasi kuna siku chache zinazotosha hasa kutengeneza soseji na kuzifukiza moshi. Kwa maoni yangu, desturi hii ni ya kalenda kwanza, na hali ya hewa imefuata tu.

Mkulima Mstaafu alimjibu Mpenda Tarehe:

Hoja yako ya tarehe ninaikubali, lakini chanzo umekigeuza. Tazama nje ya mipaka ya Waorthodoksi. Wahispania ni Wakatoliki, hawana mfungo huo, na kwao uchinjaji wa nguruwe huanza Mtakatifu Martin, tarehe 11 Novemba, hata wana methali kwamba kila nguruwe hufikiwa na Martin wake. Wacheki na Wahungari huchinja wakati wowote wa majira ya baridi, hasa kuelekea sherehe za kabla ya Kwaresima. Mtawa Bede wa Uingereza, alipoandika juu ya kuhesabu nyakati mwaka 725, alieleza kwamba mababu zake wapagani waliuita mwezi unaolingana na Novemba mwezi wa damu, kwa sababu waliwatoa kafara mifugo waliokusudia kuwachinja. Hao hawakuwa na Krismasi wala mfungo. Kilichowaunganisha wote ni baridi na uhaba wa malisho. Kanisa lilipokuja liliikuta kazi imekwisha kupata msimu wake, likaipa siku.

Hata hivyo nitakuachia jambo moja. Mfungo unaeleza kitu ambacho baridi haikielezi, yaani kwa nini siku ya kuchinja yenyewe ni tamu na pia ni ya aibu kidogo. Ile karamu ya mchana huitwa pomana porcului, na pomană kwa Kiromania ni chakula kinachotolewa kwa ajili ya marehemu, kama chakula chetu cha matanga. Nyama inakaangwa katika mafuta yake yenyewe na huliwa pamoja na mămăligă, ambayo Mswahili yeyote akiiona ataiita ugali, na kachumbari ya matango yaliyochachushwa, siku 5 kabla ya mfungo kwisha. Washika dini wa kweli hupika, hukaribisha, na hawaonji. Nilipofanya kazi huko shambani nilimwona bibi mmoja akigawa sahani 12, kisha yeye mwenyewe akaketi na bakuli la maharage, na hakuna aliyemsemesha juu ya jambo hilo.

Mpenda Tarehe aliongeza:

Nimesoma na nimekubali nusu. Msimu ni wa baridi, siku ni ya kanisa. Huyo bibi wa maharage amenishinda.

Msafiri wa Mwambao alisema:

Assalamu alaykum na salamu kwa wote. Mimi ni Mwislamu, niliishi miaka minne katika mji wa Iași, na nilialikwa Ignat mara mbili. Ninaandika kwa ajili ya dada aliyeuliza na kwa wengine wanaosoma kimyakimya wakiwa katika hali kama yangu.

Mara ya kwanza nilikataa kwa kutunga udhuru kwamba nina mtihani. Mwenyeji wangu aligundua kwamba hapakuwa na mtihani wowote, na hilo lilimuumiza kuliko ambavyo ukweli ungemuumiza. Mara ya pili nilimweleza mapema, wiki nzima kabla, kwamba dini yangu hainiruhusu kula nyama hiyo wala kinywaji kile, lakini nitafurahi kuja kusaidia kazi nyingine. Alifurahi mno. Nilipasua kuni, nilichota maji, nilikoka moto wa sufuria, na nilipewa jukumu la kuwaangalia watoto, ambao walikuwa wamepuliza kibofu cha nguruwe na kukifanya mpira. Mama wa nyumba alinipikia viazi na mayai katika sufuria ambayo alinihakikishia ameinunua mpya. Kwa Waromania wenyewe kuna watu wasiokula damu kwa sababu ya dini, na wengine wanaofunga kama alivyosema Mkulima, kwa hiyo mtu asiyekula si kioja kwao. Anayewashangaza ni asiyefika kabisa, au anayefika akasimama pembeni huku amejifunika pua.

Jambo moja Bibi hakulitaja, labda kwa kuwa kwake ni la kawaida. Wazee wanaamini kwamba mtu anayemhurumia nguruwe asisimame karibu wakati anachinjwa, kwa sababu huruma yake humfanya mnyama afe kwa shida. Dada, ukijihisi moyo umekuwa mzito, ingia ndani wakati huo bila kujieleza. Hata wao hufanya hivyo. Niliwaona wanaume wawili wenye ndevu wakigundua ghafla kwamba wamesahau kitu zizini.

Mwanafunzi wa Cluj alirudi:

Shikamoo Bibi, na ninawashukuru nyote. Nimerudi jana kutoka kijijini na ninaona ni haki niwape taarifa.

Mambo yalikwenda karibu yote kama mlivyosema, isipokuwa baridi. Asubuhi ya tarehe 20 kipimajoto cha ukutani kilionyesha nyuzi 9, na babu hakuridhika nacho hata kidogo. Alisema kwamba utotoni mwake siku ya Ignat theluji ilifika magotini, na kwamba siku hizi huwezi kuamini hewa. Akaamua achinjwe nguruwe mmoja tu, na wa pili angoje mpaka barafu ishike. Mapaja na mabega ya yule aliyechinjwa yalikatwa vipande vidogo kuliko kawaida ili joto litoke upesi, yakatandazwa juu ya meza ndefu katika chumba cha kaskazini ambacho hakiwashwi moto, madirisha yakaachwa wazi usiku kucha. Kwa jinsi alivyokuwa akiingia na kutoka na tochi, sidhani kama babu alilala.

Niliingia ndani wakati wa kuchinja. Niliporudi uani, moto wa mabua ulikuwa tayari unawaka, na harufu yake ninaisikia mpaka sasa katika koti langu. Kipande cha kiwambo kilipelekwa kwa daktari wa mifugo kwa baiskeli, ndani ya chupa ya haradali iliyooshwa. Karamu ilichelewa hadi saa tisa alasiri kwa sababu bibi wa nyumba alikataa kuweka sufuria mezani kabla simu ya daktari haijapigwa. Wanaume walinung'unika, lakini kwa sauti ndogo. Daktari alipopiga na kusema kwamba nyama ni safi, kaka wa mama mwenye nyumba alishangilia kana kwamba amefunga bao.

Nilipewa utumbo, kama Bibi alivyotabiri. Tulikuwa wanawake watano kuzunguka beseni moja, na kwa kuwa Kiromania changu ni cha kuungaunga, walinifundisha majina ya sehemu zote za mnyama kwa kunionyesha, kisha wakanitahini. Niliharibu mapande mawili kwa kukwangua kwa nguvu mno, na la tatu likatoka zima, nalo likashikwa na kuinuliwa kuelekea dirishani ili kila mtu auone mwanga ukipita. Kuhusu chumvi ya soseji nilisema kweli kwamba imepungua. Kukawa kimya. Bibi wa nyumba akaonja tena, akaongeza konzi moja, na tangu hapo akawa ananiletea kila kitu nionje, hata kahawa. Kipande nilichoonja kilikuwa kimeiva, Daktari, usiwe na wasiwasi.

Mwishoni babu alichukua bandama, akaiweka juu ya kiganja na kuikagua kwa muda mrefu. Wao husoma humo majira ya baridi yatakavyokuwa: upande mnene ukiwa mwanzo, baridi itakuja mapema, ukiwa mwisho, itachelewa. Bandama ilikuwa nene mwishoni. Babu alisema barafu itashika katikati ya Januari, na nguruwe wa pili atachinjwa hapo, na kwamba mimi nisijipangie safari nyingine. Hapa Cluj leo mvua inanyesha, na mama mwenye nyumba amepiga simu kijijini mara mbili kuuliza kama soseji zimeanza kukauka.

Bibi Theluji aliandika:

Marahaba mwanangu. Waambie wawashe moto mdogo wa kuni za mwaloni au plamu katika chumba cha moshi kila jioni, saa moja au mbili tu, na wapishanishe soseji za juu na za chini. Kuni za misonobari zisitumike, utomvu wake utazitia uchungu. Na Januari ukienda, chukua kisu chako mwenyewe cha kukwangulia; ukishakuwa na kisu chako katika nyumba ile, hutaitwa mgeni tena.